Andika na waliokosa: kupanga magari ya ushirika hapa Malindi

Ninasimamia magari matano ya ushirika hapa Malindi. Wanachama ni 41: walimu, wauza nguo, mafundi, na wachache wenye nyumba za wageni kule Casuarina. Hakuna anayehitaji gari kila siku, lakini kila mmoja ana siku yake, na siku hiyo hujui itaangukia lini. Jambo lenyewe si geni. Zurich watu waliunda ushirika wa namna hii tangu 1948. Kwa kuwa wengi huniuliza waanzie wapi, nawaambia waanze na daftari kabla ya kwenda benki.

Chora safu nne: tarehe, saa aliyoomba, anakokwenda, na kama amepata au amekosa. Hiyo ya nne usiiache hata siku moja.

Mimi niliiacha. Wakati huo tulikuwa na magari manne. Ijumaa moja ya mwezi wa kwanza, saa moja asubuhi, alikuja mama mmoja wa Shela, kamshika mkono mamake aliyekuwa akienda kuangaliwa macho. Magari yote yalikuwa nje. Nikamwambia, "Pole mamangu, leo hakuna." Akasema, "Haya mwanangu, si neno," akasimamisha tuktuk, akampandisha bibi polepole, mguu mmoja kisha wa pili. Jioni nikaandika: magari manne, yametoka manne. Nikalala na furaha. Yule mama hakuwamo daftarini mwangu, na hakupiga simu tena. Nikadhani haja yake imekwisha, kumbe ameshakata tamaa nami. Ukiwa na magari manne, daftari la safari halitavuka nne hata kama waliotaka walikuwa wanane. Kwa hiyo andika kila aliyepiga simu, kila aliyefika, hata aliyeuliza tu njiani.

Ukishapata siku 30, hesabu ni siku ngapi yalitakiwa magari manne au zaidi, matano au zaidi, sita au zaidi. Usiishie kwenye wastani. Wangu ulikuwa 4 na ushei, na ningeufuata ningebaki na magari manne. Badala yake nilitazama gharama. Gari, litoke au lilale, linanila shilingi 1,200 kwa siku: mkopo, bima, mlinzi. Likitoka, huacha shilingi 3,000 baada ya mafuta na kuoshwa. Gawa 1,200 kwa 3,000, unapata 0.4. Maana yake, gari la ziada linajilipa likitakiwa angalau siku 4 katika kila 10. Daftari lilionyesha magari matano au zaidi yalitakiwa siku 14 kati ya 30, hiyo inapita. Sita au zaidi yalitakiwa siku 9 tu, haifiki. Nikaongeza la tano nikakomea hapo. Wewe tia gharama zako; usichukue zangu.

Usichanganye misimu. Siku za kaskazi, Desemba hadi Machi, wageni wamejaa na wenye nyumba wanataka magari kila saa. Mvua za masika zikianza, mji hunyamaza. Weka hesabu mbili. Idd nayo ina tabia yake: wingi wa watu unaujua, siku huijui mpaka mwezi uandame. Mimi huzuia magari mawili kwa siku zote mbili zinazowezekana, na usiku mwezi ukionekana naiachia ile isiyo Idd.

Sasa mahali pa kuyaweka. Tulipojaribu kuruhusu mtu achukue gari mjini aliache popote, kufika saa sita mchana matatu yalikuwa uwanja wa ndege na moja Watamu, na mjini watu wamesimama. Paris walikuwa na Autolib', gari unalichukua kituo hiki unaliacha kile. Ilianza 2011, ikafungwa 2018 kwa mvutano wa nani alipe hasara. Ushirika mdogo uanze na sheria ya kurudisha gari lilikotoka. Kulifuata gari Watamu, kilomita zipatazo 20, kunataka dereva, nauli ya matatu ya kwendea na mafuta ya kurudia. Likibaki huko kwa dharura, kwanza natuma ujumbe kwa wanachama: atakayelirudisha leo apunguziwe shilingi 500. Mara nyingi hupatikana mtu aliyekuwa anakuja mjini hata hivyo.

Kati ya mwanachama na mwanachama acha saa nzima. Anayetoka Mambrui anaweza kukwama njiani, na anayesubiri hana kosa. Bima isome mwenyewe, neno kwa neno: lazima iseme wazi kwamba gari linaendeshwa na watu tofauti kwa malipo.

Mwezi wa nne, maombi yakipungua, gari la tano hulipeleka gereji. Huko fundi huvua mazulia, akachokonoa kwa bisibisi chini ya milango pale chumvi ya bahari inapojificha, akakwangua kutu, akapaka rangi. Breki na tairi hufanywa wiki hiyohiyo, kisha gari linangoja wageni wa Julai na Agosti.