Namna ya kulima mpunga wa maji kujaa na kupwa kando ya mto Barito

Mashamba ya Wabanjar katika wilaya ya Barito Kuala, jimbo la Kalimantan Kusini nchini Indonesia, hunyweshwa na bahari ambayo mkulima haioni. Bahari inapojaa, maji ya mto Barito yasiyo na chumvi hukosa pa kutokea, yakainuka na kuingia mashambani kwa njia ya mifereji. Inapokupwa, maji hayo hurudi mtoni. Kijiji nacho hufuata mwendo huohuo: nyumba za mbao husimama juu ya nguzo kandokando ya maji, mitumbwi iitwayo jukung hufungwa mlangoni, na mashamba huanzia nyuma ya nyumba hadi kwenye misitu ya miti ya galam. Anayetaka kulima huko, hata kama amelima mpunga kwingine miaka mingi, itambidi aanze kwa kuyasoma maji.

Lichunguze shamba kwa mwandamo mmoja mzima wa mwezi, upate kuliona wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita siku nyingine, na wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo. Shamba linalofunikwa nyakati zote mbili huitwa la aina A, na linalofikiwa na bamvua peke yake ni la aina B. Lisilofunikwa kamwe, lakini maji yake ya chini ya ardhi hayajazidi nusu mita kwenda chini, ni la aina C. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, ni la aina D. Mpunga hustawi zaidi katika A na B. Katika C utavuna iwapo tu utajua kuyazuia maji ya mvua, na katika D ni afadhali kufikiria machungwa au mboga kuliko kushindana na ukavu.

Jambo la pili ni udongo, na hapa ndipo wageni wengi wanapoponzeka. Chini ya tope la juu kuna tabaka lenye madini ya pirite, yaani chuma kilichoshikamana na salfa, lililoachwa na bahari ya zamani. Likibaki ndani ya maji halina madhara. Likipata hewa huzaa asidi ya salfuriki, pH ya udongo (kipimo cha uchachu, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi) ikashuka hata chini ya 4, na alumini na chuma vikayeyuka kwa wingi unaoiua mizizi. Chimba shimo, utoe donge la tope la kijivu la chini, uliache likauke: madoa ya manjano hafifu yakijitokeza, umeshaonywa. Tazama pia mimea. Purun tikus, nyasi ndefu zenye mashina matupu yasiyo na majani, hujaa pale ambapo mpunga unaugua. Na usiyasifu maji ya mfereji kwa kuwa maangavu kama kioo, kwa sababu mara nyingi ni alumini ndiyo iliyoyashusha matope yote chini.

Kwa hiyo mfereji usichimbwe kwa pupa. Mfereji wa kijiji, handil, huchimbwa kwa mikono kutoka mtoni kwenda ndani kwa kilomita 2 au 3, nao hauna kina kirefu. Wenye mashamba kandoni mwake huusafisha kwa pamoja chini ya mkuu wa handil, na asiyefika kwenye kazi hiyo hana uso wa kudai maji. Mfereji mkubwa unaounganisha mito miwili huitwa anjir. Anjir Serapat, wenye urefu wa kilomita 28 hivi, ulichimbwa mwishoni mwa karne ya 19 chini ya utawala wa Waholanzi, na familia za Kibanjar zikautumia kufungua handil zao kushoto na kulia. Busara ya kina kifupi ilisahaulika mwaka 1995, Rais Suharto alipoamuru hekta milioni moja za vinamasi na mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana majini, katika jimbo jirani la Kalimantan ya Kati zigeuzwe mashamba ya mpunga. Mifereji mipana ilikausha mboji, moto wa mwaka 1997 ukaila, na mradi ukaachwa bila mavuno ya maana.

Katika shamba la aina C, jenga tabat, yaani kizuizi cha udongo na magogo ya galam kinachokatiza mfereji. Usikifunge mvua za kwanza zinapoanza, bali ziache kwanza zioshe asidi iliyojikusanya wakati wa kiangazi na kuipeleka mtoni, ndipo ufunge.

Mpunga wa kienyeji, kama vile Siam Unus au Bayar Pahit, huchukua miezi 8 hadi 10 tangu mbegu hadi mavuno, na miche yake huhamishwa mara tatu. Mnamo Oktoba au Novemba, toboa mashimo mahali pakavu palipoinuka, tia mbegu na uzifunike kwa majivu; hatua hii huitwa taradak. Baada ya siku 40 hivi, ng'oa mashina, yagawanye na kuyapanda pembezoni mwa shamba, ambapo maji si mengi. Hiyo ndiyo ampak. Zikipita siku nyingine 40, yagawanye tena na kuyahamishia katikati ya shamba, katika sehemu ndogo tu ya eneo lote. Hapo huitwa lacak, nayo hukaa karibu miezi miwili. Kazi hii huonekana ya kurudiarudia, lakini ina hesabu yake: kilo chache za mbegu huzaa miche ya kutosha hekta nzima, na miche yenyewe hurefuka pamoja na maji, hata ikifika Machi au Aprili, mafuriko yanapopungua, iwe mirefu na migumu kiasi cha kutozama. Wakati huo ipandikize kwa tutujah, kijiti kinene chenye ncha cha kutobolea tope.

Miche ikiwa kwenye lacak, andaa shamba lililobaki, na wala usililime. Tumia tajak, chombo mfano wa fyekeo lenye ubapa mrefu, ukate nyasi usawa wa udongo shamba likiwa na maji. Ziache zilainike, kisha uzikunje ziwe mabonge, uyageuze baada ya siku kadhaa, na mwishowe uyatawanye yawe mbolea. Trekta lingemaliza kazi hiyo kwa siku moja, lakini likizama kupita kiasi lingeipandisha pirite juu.

Mavuno ni Agosti na Septemba. Mpunga huu mrefu hulala na hauivi kwa pamoja, ndiyo maana wazee walikata suke mojamoja kwa ranggaman, kisu kinachotoshea kiganjani. Siku hizi wengi hutumia mundu. Wavunaji hulipwa kwa sehemu ya mpunga, nawe utoe zaka mazao yakifikia kiwango: sehemu moja ya kumi, kwa kuwa maji hayakukugharimu. Hekta moja hutoa tani 2 au 3, mara moja kwa mwaka. Ni kidogo, lakini watu wa jiji la Banjarmasin hupenda wali unaochambuka, nao huulipia mchele wa Siam bei iliyo juu kuliko ya mbegu za muda mfupi. Kwa hiyo uweke mpunga katika kindai, ghala la nyumbani, na uuze kidogokidogo fedha zinapohitajika. Ukiuza wote wiki ya mavuno, utauza pamoja na kila mtu.

Fedha ya miezi mingine itoke kwenye tukungan. Ndani ya shamba la mpunga, hasa la aina B, chota tope la juu tu ujenge vichuguu vya mraba vya upande wa mita 2 au 3, vilivyopanda nusu mita hivi juu ya kimo cha bamvua, na upande mchungwa mmoja wa Siam Banjar kwenye kila kimoja. Utazaa mwaka wa tatu au wa nne, na hadi hapo pilipili na nyanya zitaota chini yake. Kila mwaka ongeza tope pembeni kadiri mizizi inavyotanuka, hadi vichuguu vya mstari mmoja viungane kuwa tuta refu linalopitika kwa miguu.