Kupanga fomu ili jicho lijue kipi kinaenda na kipi

Mtu akifungua fomu, jicho hukusanya vilivyomo katika makundi kabla hajasoma neno. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alieleza kanuni za makundi hayo mwaka 1923 kwa nukta na mistari mitupu, na ndizo zinazoongoza skrini hadi leo.

1. Jaribu kwa nukta kwanza. Chora nukta 36, sita kwa sita, zikiachana pikseli 20 kila upande. Utaona mraba tu. Sasa ongeza umbali wa juu na chini ufike 30, wa kulia na kushoto ubaki 20. Papo hapo mistari ya kulala inajitokeza, ingawa hukugusa rangi wala ukubwa. Ukiweka 60 na 40, mistari ni ile ile. Kinachofanya kazi ni uwiano.

2. Uhamishie uwiano huo kwenye fomu. Weka lebo pikseli 6 juu ya kisanduku chake, kisha acha 24 hadi lebo inayofuata. Kati ya fungu na fungu, tuseme anwani na malipo, acha 48. Kosa lililozagaa ni kuacha 16 juu ya lebo na 16 chini yake: lebo inaning'inia katikati, na mtu anaandika namba ya simu kwenye kisanduku cha barua pepe. Wengi hapo hukimbilia kuchora mistari ya kutenganisha. Mstari hautibu nafasi mbovu, unaongeza tu kitu kingine cha kuangaliwa.

3. Kagua rangi. Vinavyofanana huchukuliwa kuwa vina kazi moja, kwa hiyo kichwa cha habari chenye bluu ya viungo vya wavuti (linki) kitabofywa bure.

4. Fremu ije baadaye, ikihitajika. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Stephen Palmer alionyesha kwamba vitu vilivyo ndani ya mpaka mmoja huonekana kundi moja, hata kama kimojawapo kiko karibu zaidi na jirani wa nje. Nguvu hiyo ndiyo hatari yake. Kitufe cha "Hifadhi" kikiwa pikseli 8 tu chini ya fremu, bado kinaonekana mgeni, na mtu hajui kinahifadhi nini. Kiingize ndani, au ondoa fremu. Mara nyingi usuli wa kijivu hafifu unatosha. Ukijikuta unachora fremu ya tatu ndani ya nyingine, rudi hatua ya 2.

5. Nyoosha ukingo wa kushoto. Kisanduku kilichosogea pikseli 3 kinaonekana kosa. Kilichosogea 24 kinaonekana ni sehemu ya kile kilicho juu yake. Chagua moja kwa makusudi.

6. Pima. Piga picha ya skrini, iondolee rangi, itie ukungu hadi herufi zisisomeke, kisha hesabu mabonge yanayobaki. Yakizidi mafungu uliyokusudia, kuna nafasi ya ndani iliyo kubwa mno. Yakipungua, nafasi za nje zimebana. Kundi likipotea rangi ilipoondoka, lilishikiliwa na rangi peke yake, na asiyetofautisha rangi hataliona. Rudia kwenye simu: safu mbili zikigeuka moja, ukaribu wa kulia na kushoto hupotea wote, na jozi kama "Kuanzia" na "Hadi" hutengana usipopunguza nafasi kati yake.