Somo: Filamu Isiyotulia Unapopiga Picha za Nyota

Ninaandika somo hili kwa sababu swali la nyota zinazotoka pacha kwenye negativu nimelijibu mara nyingi mno.

1. Filamu ikitoka kwenye friji, iache ndani ya kopo lake hadi ipate joto la chumba.

2. Funga kamera barabara juu ya mtambo wa kufuatilia nyota, utumie waya wa shata (shata ni kile kilango cha kamera kinachopitisha mwanga).

3. Ivishe lenzi kofia ndefu ya kuzuia umande.

4. Hatua hii ndiyo iliyoniponza. Utando wa filamu ni jelatini, na jelatini hunywa unyevu wa hewa ikavimba kuliko plastiki iliyoibeba. Kwa hiyo filamu iliyokuwa imebana ndani ya kaseti, ikishasogezwa mbele ya lenzi katika hewa ya pwani, hujipinda taratibu na kuhama mahali pake. Usiku mmoja huko Pangani nilisogeza filamu nikafungua shata papo hapo kwa dakika 40, nikililenga kundi la nyota la Omega Centauri. Nilipoikagua negativu kwa kioo cha kukuzia, nyota za pembeni zilikuwa nukta safi, lakini za katikati kila moja ilikuwa na mwenzake ubavuni. Tangu siku hiyo nikishasogeza filamu hungoja dakika 15 ndipo nifungue shata. Angalieni pia: filamu kavu ikivutwa kwa pupa hutoa cheche za umeme tuli, na alama zake kama matawi ya radi hazifutiki.

Swali: Nyota zangu zinatoka mbili mbili, tatizo ni nini?

Jibu: Hatua ya 4. Tafadhali isome yote.

Swali: Mwalimu, nikiikausha filamu kwa silika jeli, zile chembe za kufyonza unyevu, siku nzima, bado nitahitaji kungoja?

Jibu: Utahitaji zaidi, ndugu yangu. Kinachoipinda filamu ni mabadiliko ya unyevu, na filamu iliyokauka sana ikikutana na hewa yenye unyevu mwingi hujipinda kwa nguvu zaidi.

Swali: Ndiyo maana wazee wa kazi hii walipitisha naitrojeni ndani ya kamera?

Jibu: Umeuliza vizuri. Naitrojeni kavu, ikipitishwa polepole muda wote shata ikiwa wazi, huizuia hewa yenye unyevu isiifikie filamu. Faida ya pili ni kwamba maji na oksijeni ndani ya utando huidhoofisha filamu mbele ya mwanga hafifu. Ndiyo sababu filamu ya Kodak Technical Pan ililowekwa kwanza katika naitrojeni iliyochanganywa na hidrojeni kidogo. Hiyo haitengenezwi tena. Leo ninatumia Fujifilm Acros, ambayo haidai kuongezewa muda wa shata kwa ajili ya mwanga hafifu hadi sekunde 120, ingawa mwanga mwekundu wa gesi ya hidrojeni, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, huupokea kwa shida.

Swali: Silika jeli yangu ya bluu imegeuka waridi. Niitupe?

Jibu: Usiitupe. Itandaze kwenye sinia, uioke kwa nyuzi 120 hadi bluu irudi, kisha uifunge kwenye chupa ingali na joto.