Ukizuru Rusinga, tenga muda wa kaburi la Mboya
Ukitoka Kisumu kwenda Kisiwa cha Rusinga, vuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita asubuhi na mapema, kisha upite darajani kabla jua halijawa kali. Anza na kaburi la Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya aliyeuawa Nairobi mwaka 1969, na usiharakishe, kwa maana jengo lenyewe limepewa umbo la risasi na linastahili kutazamwa kwa utulivu. Kisiwani humu ndimo pia mwanaakiolojia Mary Leakey alimopata fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, mwaka 1948. Ukiona kitu kama mfupa kwenye miamba, tafadhali usikiokote, bali umwonyeshe mwenyeji anayekuongoza, kwani kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, kikiondolewa mahali pake hupoteza sehemu kubwa ya habari zake.