Somo: Daiorama (mandhari ndogo ya modeli) ya kifaru cha kivita kwenye theluji, skeli 1:35

Daiorama nyingi za theluji zinaharibika kabla gundi haijafunguliwa. Fundi ameunda modeli vizuri, ameipaka rangi vizuri, kisha anamwaga unga mweupe juu ya kila kitu sawasawa, na kifaru kinaonekana kimeangukiwa na gunia la ngano. Theluji haiangukii vitu vyote kwa usawa, na hata ikianguka haikai ilipoangukia. Upepo huisogeza, injini huiyeyusha, buti huikanyaga. Kwa hiyo somo hili linaanza na swali moja: theluji ilianguka lini, kabla kifaru hakijafika au baada?

Mfano wetu ni Sherman M4A3, kifaru cha Kimarekani cha Vita Kuu ya Pili, huko Ardennes, eneo la misitu la Ubelgiji na Luksemburg, Januari 1945. Mapigano yale yalianza tarehe 16 Desemba 1944 katika ukungu na matope, na theluji nzito ikaja baadaye. Ukiandika "Desemba 16" kwenye kibao cha daiorama halafu ukafunika kila kitu kwa theluji ya goti, anayeijua historia atakuuliza.

Hatua ya 1: Chagua saa

Una njia tatu. Kifaru kinatembea juu ya theluji ya jana: mifereji ya minyororo (mikanda ya chuma kinayotembelea) nyuma yake ni mibichi, sitaha ya injini ni tupu na imelowa, theluji imebaki kwenye pembe tu. Au kimelala hapo usiku kucha: kimefunikwa kote, na nyuma yake mifereji imezibwa ikabaki mabonde laini. Au kimesimama saa moja hivi wakati theluji inaendelea kuanguka: juu ya mnara wa mzinga kuna utando mwembamba, ila juu ya injini hakuna kitu, kwa sababu bati bado lina moto. Kwenye Sherman injini iko nyuma, na M4A3 ina milango mikubwa ya chuma yenye nafasi za kupitisha hewa. Theluji nene juu ya milango hiyo, huku dereva ameketi tayari kuondoka, ni kosa linaloonekana kutoka mbali.

Mimi nachagua ya kwanza. Ndiyo ngumu zaidi, lakini ndiyo inayosema mengi.

Chagua pia upande wa upepo, uchore mshale kwenye ubao kwa penseli. Kila rundo la theluji, kila shina lenye weupe upande mmoja, litafuata mshale huo.

Hatua ya 2: Chokaa juu ya kifaru

Ili vijifiche kwenye theluji, Wamarekani walipaka vifaru vyao chokaa au rangi nyeupe huko huko uwanjani, kwa brashi na chochote kilichopatikana. Haikuwa kazi ya kiwandani, kwa hiyo usiitafutie unadhifu.

Paka kijani cha Kimarekani kwanza, weka alama na nyota, funika kwa vanishi, acha ikauke kabisa. Kisha puliza spreyi ya nywele, koti mbili nyepesi. Ikikauka, paka nyeupe ya akriliki iliyopunguzwa kwa maji, na usifunike kila mahali kwa unene mmoja. Subiri dakika kama 20. Lowanisha sehemu ndogo kwa maji ya uvuguvugu, usugue taratibu kwa brashi yenye nywele fupi ngumu. Maji yanaingia chini, spreyi inalainika, nyeupe inabanduka na kijani kinatokea.

Sugua pale mtu anapokanyaga au kushika: ukingo wa vifuniko, njia ya kupandia, sehemu ya kuwekea vifaa, mbele kwa dereva. Pembeni mwa mnara, ambapo hakuna anayepita, acha chokaa ikae. Nyota zingine askari walizizungukia kwa brashi, zingine walizifunika. Hapo una uhuru.

Nyeupe isiwe nyeupe tupu. Tone la kahawia hafifu au kijivu ndani yake litatenganisha chokaa na theluji. Usipofanya hivyo, vitu hivyo viwili vitaungana na kifaru kitapotea kwenye mandhari yake.

Hatua ya 3: Ardhi

Stairofomu (povu jepesi la plastiki) ngumu juu ya ubao, kata miinuko kwa kisu, funika kwa plasta au bandiko la kuzibia kuta. Tahadhari: rangi na gundi zenye vimumunyisho vikali hula stairofomu, kwa hiyo ifunge kwanza kwa gundi nyeupe. Paka udongo wote kahawia iliyokolea, bandika majani makavu na vijiwe, weka nyasi bandia za milimita 4 hadi 6. Ndiyo, hata sehemu zitakazofunikwa. Theluji bila ardhi chini yake huonekana kama sakafu.

Misonobari ya Ardennes ilipandwa kwa mistari, kwa hiyo miti miwili mitatu iliyonyooka kwenye mstari itatambulisha mahali kuliko kichaka kizima cha ovyo.

Hatua ya 4: Theluji yenyewe

Fanya hesabu kabla ya kuchanganya chochote. Kwenye 1:35, theluji ya sentimita 25 ni milimita 7 tu. Na chembe ya sukari ya nusu milimita ni sawa na donge la karibu sentimita 2. Ndiyo maana chumvi na sukari hazifai, hata ziwe nyeupe namna gani.

Ninachotumia ni vitufe vidogo vya kioo, ule unga mwepesi sana wanaouchanganya mafundi wa maboti na resini. Vaa barakoa ya vumbi, funga feni. Unga huu unaelea hewani na haufai kuingia mapafuni.

Tabaka la chini: unga wa marumaru, midiamu ya akriliki isiyong'aa (kimiminika cha akriliki kisicho na rangi, kinachoshika kama gundi), rangi nyeupe, na rangi ya bluu kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Bluu hiyo hutaiona kwa jicho, utaiona tu ukiiondoa. Changanya mpaka kijiko kikisimama, kisianguke haraka. Tandaza kwa spachula kufuata mshale wa upepo: nene nyuma ya vizuizi, nyembamba kwenye miinuko, na acha nyasi zichomoze.

Hapo hapo, kabla haijakauka, fanya mambo mawili. Funga sehemu ya chini ya kifaru kwa plastiki nyembamba ya kufungia vyakula, ukibonyeze mahali pake, ukiondoe. Kitakuwa na makao yake, hakitaelea juu ya theluji. Kisha chukua vipande vya akiba vya mnyororo ubonyeze nyuma yake, kipande kwa kipande, ukipima upana kati ya minyororo kwenye modeli yenyewe. Kifaru cha tani 30 hakiachi alama ya juu juu. Kinashindilia theluji hadi kwenye udongo. Ndani ya mfereji weka kahawia yenye unyevu, na kingoni mabonge yaliyosukumwa pembeni. Nyayo za askari zibonyeze kwa buti za sanamu wenyewe, na ziwe na safari: kutoka mahali, kwenda mahali.

Tabaka la juu: unga wa vitufe peke yake, unyunyize kwa kichujio cha chai juu ya bandiko likiwa bado bichi. Usinyunyize ndani ya mifereji. Tumeshasema theluji ilianguka jana.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Rudisha kifaru, jaza mapengo madogo kuzunguka minyororo. Kati ya magurudumu weka theluji chafu, kijivu na kahawia, iliyoshindiliwa. Hapa wengi huweka nyeupe safi, na ndipo uongo unapoonekana. Kwenye sitaha ya injini paka vanishi inayong'aa kwa madoa madoa, maji yaliyoyeyuka. Moshi: kijivu cheusi juu ya theluji nyuma ya bomba, kidogo tu.

Dimbwi lililoganda lililovunjwa na mnyororo lifanye kwa vipande vya plastiki angavu ya vifungashio, kingo zake ukizipaka nyeupe, vilale kwa mshazari juu ya resini iliyotiwa kahawia.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, shukrani kwa somo. Huo unga wa vitufe sina. Magadi soda hayafai? Naona watu wengi wanatumia.

Jibu: Yanafaa kwa picha, kaka, hayafai kwa kabati. Siku ya kwanza yanapendeza kuliko vyote. Baadaye yanavuta unyevu, yanageuka manjano, na yanaweza kushambulia rangi na chuma. Kama huna vitufe, tumia unga wa marumaru uliosagwa laini kwa tabaka zote mbili. Utapoteza wepesi kidogo, basi.

Swali: Sina brashi ya hewa, ile mashine ya kupulizia rangi. Nikipaka chokaa kwa mkono si itaonekana mistari ya brashi?

Jibu: Itaonekana, na iache. Wao wenyewe walipaka kwa brashi! Tumia rangi nyepesi, vuta kutoka juu kwenda chini, tabaka mbili tatu. Kubandua unaweza kufanya kwa sponji yenye unyevu. Kwa chokaa hasa, mkono wakati mwingine unashinda mashine.

Swali: Mwalimu, mimi nina seti ya Panzer IV, kifaru cha Kijerumani. Nataka majira ya baridi ya 1941 nje ya Moscow. Chini ya nyeupe nipake manjano ile ya Kijerumani?

Jibu: Hapana, dada, kijivu kilichokolea. Manjano ilianza kuwa rangi ya msingi Februari 1943. Angalia pia seti yako: kama mzinga ni mrefu, hiyo ni ya 1942 na kuendelea. Kwa 1941 unahitaji mzinga mfupi, na usiweke zile bati za kukinga pembeni, nazo ni za 1943. Na kwa majira yale ya kwanza Wajerumani walikuwa na uhaba wa rangi nyeupe, kwa hiyo chokaa ya haraka isiyokamilika, au hata kijivu kitupu kwenye theluji, ni sahihi kabisa.

Swali la nyongeza: Ahsante. Mzinga ni mrefu. Nibadilishe mwaka au nibadilishe seti?

Jibu: Badilisha mwaka, ni bure. Majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, kijivu bado kinafaa.

Swali: Theluji yangu imepasuka nyufa kama kiwanja cha ukame. Gundi mbaya?

Jibu: Unene. Bandiko lenye maji likikauka hujikunja, na tabaka nene hukauka juu kabla ya chini. Usizidishe milimita 3 kwa mara moja. Urefu wote uutafute kwenye stairofomu, theluji iwe ngozi tu. Nyufa ulizo nazo zijaze kwa bandiko jepesi zaidi, kisha unyunyize upya.

Mchango: Naomba nipingane kidogo na mkuu. Barabarani mimi situmii vitufe kabisa, natumia plasta tupu niliyoisugua kwa msasa. Theluji iliyokanyagwa na magari mia haina wepesi wowote.

Jibu: Hujanipinga, umenikamilisha. Kwa barabara iko sawa. Ongeza tu vanishi yenye mng'ao wa kati kwenye njia za magurudumu, pale huwa barafu.

Swali: Vumbi je? Nyeupe inachafuka, na ukiifuta inabanduka.

Jibu: Haifutiki. Nunua au tengeneza kasha la akriliki kabla hujaanza, na ukubwa wa ubao uufuate wa kasha, si kinyume. Iweke mbali na jua la moja kwa moja, kwani linageuza gundi na vanishi nyingi kuwa manjano. Vumbi likishaingia, puliza kwa pampu ndogo ya mpira kutoka pembeni, kisha nyunyiza utando mwembamba wa unga mpya juu ya ukungu wa vanishi isiyong'aa. Ila ziba mifereji kwa vipande vya karatasi kwanza.