Essbase ya bajeti inaburuza? Anzia hapa

Kama wewe ndo unasimamia Oracle Essbase (database ya kutunza na kupigia hesabu namba) ya bajeti pale kazini, usingoje watu wa fainansi wapige simu eti imeganda, ingia mapema uangalie diski, manake faili za .pag, zile zinazobeba data yenyewe, zinanenepa kimyakimya, moja ikifika 2 GB inafunguliwa nyingine.

Afu cheki takwimu za database, kuna namba imeandikwa Average Clustering Ratio. Ikiwa 1 uko poa, ikishuka sana data imetawanyika na hesabu zitachelewa tu hata uongeze ram.

Dawa: toa watu wote, eksipoti data ya level 0 (ile ya ngazi ya chini kabisa), futa iliyomo, pakia upya, piga hesabu. Ila ngoja kwanza! Kama mabosi huwa wanaingiza malengo huku juu kabisa kwa jumla, level 0 haibebi hizo, eksipoti data yote la sivyo zimepotea. Na lile faili lifungue ulione kwa macho kabla hujafuta, lisije kuwa tupu.

Siku ya kubanana andika display session all; kwenye MaxL (pale pa kuandikia amri za Essbase), utaona nani kaacha hesabu inazunguka.