Ndiyo, Hapana, na Yule Ambaye Hajajibu

Kazi yangu ni kutengeneza fomu za biashara mtandaoni: oda, usajili wa wateja, maombi ya huduma. Swali la ndiyo au hapana huonekana jepesi kuliko yote, na ndilo lililowahi kuniharibia kazi.

Nilimwekea mteja fomu ya oda yenye kisanduku kimoja cha tiki: "Nataka kuletewa mzigo." Wiki ilipoisha tukafungua lahajedwali. Safu ile ilikuwa na tiki chache, kwingine kutupu. Akaniuliza, "Hawa ambao hawakuweka tiki watakuja kuchukua wenyewe, au hawakukiona kisanduku?" Sikuwa na jibu. Tulishinda siku nzima tukiwapigia simu mmoja mmoja.

Chanzo chake ni hiki: kisanduku kisipowekwa tiki, kivinjari hakitumi chochote. Seva, yaani kompyuta inayopokea fomu, haipokei "hapana", inapokea kimya. Kwa hiyo kabla ya kuchagua umbo la swali, jiulize kama kimya cha mtu kinakutosha kuwa jibu. Kama hakitoshi, achana na kisanduku. Weka vitufe viwili vya duara, Ndiyo na Hapana, kisha ulifanye swali kuwa la lazima. Usitangulize kuchagua hata kimoja. Vitufe vyote viwili vipe jina moja kwenye msimbo, la sivyo mtu ataweza kuchagua vyote kwa pamoja. Kinachotofautiana ni thamani tu, yaani jibu ambalo kila kitufe hutuma. Kumbuka pia kwamba kitufe cha duara kikishachaguliwa hakiondoki kwa kubonyezwa tena. Swali lisipokuwa la lazima, ongeza "Bado sijaamua" ili mtu apate njia ya kutoka.

Lipo na umbo la tatu, swichi ya kuwasha na kuzima: hiyo iache kwenye mipangilio inayofanya kazi papo hapo.

Maneno ya swali ndiyo yanayonikosesha usingizi zaidi. Usiulize kwa kukanusha. Andika "Huna deni la nyuma?" uone: mmoja atachagua Ndiyo akimaanisha "ndiyo, sina", mwingine atachagua Hapana akimaanisha "hapana, sina". Wote hawadaiwi, majibu yao yanapingana, na hakuna hesabu itakayokuokoa. Andika "Je, una deni la nyuma?" Vilevile usifunge maswali mawili kwenye jibu moja. Kukubali masharti ni jambo lake, kupokea matangazo ni jambo lake.

Ridhaa ndipo kisanduku cha tiki kinapofaa, lakini kiwe kitupu. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotangulizwa tiki si ridhaa halali. Hata pasipo sheria ningesema hivyo hivyo: mtu hajakubali jambo ambalo hakuligusa.

Mara nyingi jibu la Ndiyo hufungua sehemu nyingine, tuseme anwani ya kupelekea mzigo. Mtu akibadili mawazo akarudi kwenye Hapana, usiifiche tu sehemu hiyo. Futa kilichoandikwa, na uiondolee ulazima. Sehemu ya lazima iliyofichwa huizuia fomu kutumwa, na mteja hubaki anabonyeza "Tuma" bila kuona kosa liko wapi.

Kwenye hifadhidata, majibu yanakotunzwa, ruhusu safu ya swali la ndiyo au hapana iwe tupu wala usiweke sifuri, yaani hapana, kama chaguo-msingi linalojijaza lenyewe. Wateja waliojisajili kabla hujaongeza swali hawakusema hapana, hawakuulizwa.

Kabla ya kuiachia fomu, ijaze mara tatu: kwa Ndiyo, kwa Hapana, na bila kuligusa swali. Kisha fungua lahajedwali utazame. Maombi mawili ya kwanza yaonyeshe majibu tofauti, na la tatu ama lisiwepo, kwa kuwa fomu ililikataa, ama liwe na nafasi tupu.